Dawa za Maumivu na Dawa za Moyo kwa Mgonjwa Mmoja: Mwongozo wa Muuguzi wa Mtwara na Lindi

Mzee wa Tandahimba anayetibiwa shinikizo la damu anaweza kufika kliniki mwezi wa Novemba akiwa hajakosa dawa hata siku moja, na bado kipimo kikasoma 170 kwa 100. Kabla daktari hajaombwa aongeze dozi, mzee huyo aulizwe kwanza mgongo unamsumbua kiasi gani msimu huu, kwa sababu kuokota korosho ni kazi ya kuinama kutwa nzima, na anayeinama kutwa hujinunulia diklofenaki dukani bila kuihesabu kuwa dawa inayostahili kutajwa mbele ya muuguzi. Diklofenaki na ndugu zake huzuia chumvi na maji kutoka mwilini, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Kwa mtu mwenye presha, kundi hili hupandisha kipimo kwa wastani wa takriban milimita 5 za zebaki, na wapo ambao hupanda zaidi ya hapo.

Shuleni dawa za maumivu na dawa za moyo hufundishwa katika sura mbili, na mitihani huziuliza katika maswali mawili, ilhali mgonjwa anazimeza kwa pamoja asubuhi hiyo hiyo. Madhara mengi yanayoweza kuepukika hutokea pale zinapokutana. Mwongozo huu ni kwa muuguzi wa zahanati, kituo cha afya au wodi, ambaye haandiki dawa nyingi kati ya hizi lakini ndiye wa mwisho kuishika kabla haijaingia mwilini. Dozi zilizotajwa ni za kawaida kwa mtu mzima, isipokuwa pale palipoelezwa vingine. Maagizo ya daktari na mwongozo wa matibabu wa taifa ndivyo vinavyotangulia.

Kuuliza kabla ya kufungua kabati

Swali la “unatumia dawa gani nyingine?” huleta jibu la “hakuna”, na jibu hilo si la uongo. Wazee wetu wengi huita dawa kile tu walichoandikiwa hospitali. Vile vya dukani ni “vidonge vya mwili”, na vya mizizi na majani havitajwi kabisa mpaka mtu aulizwe kwa heshima. Hivyo swali liulizwe kwa kufuata maumivu:

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Magoti yanaendeleaje? Yakikuuma usiku unayatuliza kwa kitu gani?”

“Yananisumbua. Kijana wa dukani ananipa vile vya rangi mbili, nikinywa kimoja nalala.”

Hapo ndipo muuguzi anaomba kuona pakiti. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa maumivu ya viungo ni mseto wa diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Akiongezewa parasetamoli wodini atapata dozi mara mbili, na akiongezewa sindano ya diklofenaki mambo yanakuwa mabaya zaidi. Katika mazungumzo hayo hayo aulizwe pia kuhusu pombe, hasa wakati wa mabibo ambapo uraka na nipa hupatikana kwa wingi, kwa sababu pombe huongeza hatari ya parasetamoli kwenye ini na huongeza usingizi wa tramadoli na mofini hadi kiwango cha hatari.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Chati ya dawa huandikwa kwa saa 24, na mgonjwa huhesabu saa za Kiswahili. Saa 08:00 ya kwenye chati ni saa 2 asubuhi kwake, na ndugu anayeambiwa “mpe saa nane” atampa mchana au katikati ya usiku. Maandishi ya “1x3” kwenye bahasha nayo husomeka kuwa kidonge kimoja wakati wa chai, wa chakula cha mchana na wa chakula cha jioni, ambavyo vyote vinaweza kuangukia ndani ya saa 10. Kama dawa inatakiwa kila baada ya saa 8, zitajwe saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Parasetamoli

Kwa mgonjwa wa moyo au wa presha mwenye maumivu ya kawaida, hii ndiyo ya kuanzia. Mtu mzima hupewa miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, na jumla isizidi gramu 4 ndani ya saa 24. Kwa aliyekonda, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa kila siku, daktari aombwe kiwango cha chini zaidi. Ikizidi huua chembe za ini, na ubaya wake ni kwamba katika siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa hiyo aliyemeza nyingi hapaswi kusubiri dalili ndipo apewe rufaa, kwa kuwa dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Kwa mtoto, dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na makosa makubwa hutokea katika kugeuza miligramu kuwa mililita. Mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa miligramu 180 atapewa mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto huyo huyo, kwa miligramu zile zile 180, atahitaji mililita 18 kama dawa ni ile ya mshipani yenye gramu 1 katika chupa ya mililita 100. Ile chupa isitundikwe nzima kwa mtoto hata kidogo. Zivutwe mililita 18 kwa bomba, mwenzako azihakiki, kisha ziende kwa dakika 15. Maagizo yaliyoandikwa kwa mililita tu, bila miligramu, yarudishwe kwa aliyeyaandika.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini

Mwaka 1971 mtafiti John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamii yake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Ukielewa hilo, karibu kila onyo linaeleweka bila kukariri. Prostaglandini huleta maumivu na uvimbe, na wakati huo huo hulinda ukuta wa tumbo na huachia wazi mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo. Dawa ikizizuia, maumivu yanapungua, tumbo linapoteza kinga yake na mshipa wa figo unasinyaa.

Sasa mchukue mgonjwa anayetumia enalaprili, dawa ya presha, na frusemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini. Enalaprili hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio, kwa hiyo shinikizo ndani ya kichujio linashuka. Frusemidi imepunguza maji mwilini. Figo ilikuwa inajitegemeza kwa ule mshipa wa kuingizia, na diklofenaki inaubana. Mgonjwa akipata kuhara kwa siku mbili, au akishinda shambani juani bila maji, kama inavyotokea uwanda wa Makonde ambako maji yenyewe ni ya kutafutwa, mkojo unaweza kukatika. Dawa hizi tatu zinapokutana kwenye chati moja, muuguzi asitoe ya maumivu kabla ya kuzungumza na daktari, hata kama imeandikwa na daktari mwenyewe. Muuguzi anayempigia daktari simu saa 6 usiku kuuliza jambo hili hastahili kukemewa.

Mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu au mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, hapaswi kupewa diklofenaki wala ibuprofeni kwa mazoea. Mwenye pumu aulizwe kama iliwahi kumbana baada ya kumeza aspirini au dawa kama hizi. Pale inaporuhusiwa, diklofenaki haizidi miligramu 150 kwa siku kwa njia zote kwa pamoja. Sindano ya miligramu 75 iliyopigwa asubuhi ni nusu ya posho ya siku nzima, na vidonge vya jioni vihesabiwe juu yake. Sindano hiyo huingia ndani kabisa ya msuli, sehemu ya juu ya nje ya tako. Desturi ya kumpiga kila mwenye maumivu sindano ya diklofenaki kwa kuwa “haridhiki bila sindano” haina sababu ya kitabibu, na kwa mgonjwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni hatari maradufu, kwa kuwa msuli unaweza kuvuja damu ndani na tumbo nalo likavuja.

Aspirini ya miligramu 75 ni ya kuzuia chembe sahani za damu zisigandane, na haitolewi kwa ajili ya maumivu. Mgonjwa anayeitumia kwa moyo akimeza ibuprofeni kwanza, ibuprofeni hukalia nafasi ya aspirini na kinga ya moyo inapungua. Kama hakuna njia ya kuepuka, aspirini ya kawaida itangulie kwa angalau dakika 30. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini, kwa hofu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo.

Tramadoli na mofini

Kuhusu tramadoli yatosha kusema kwamba haizidi miligramu 400 kwa siku, huweza kuleta degedege kwa mwenye kifafa, na haichanganywi ovyo na dawa za sonona.

Mofini inastahili maneno zaidi kwa sababu huogopwa mahali isipostahili kuogopwa. Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi anayelia usiku kucha anahitaji mofini ya maji kila baada ya saa 4, na hahitaji kuambiwa avumilie. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini imekuwa juu ya ngazi hiyo tangu wakati huo. Dozi ya kuanzia kwa mtu mzima asiyeizoea mara nyingi ni miligramu 5 kwa mdomo, na miligramu 2.5 kwa mzee sana au mwenye figo dhaifu, kwa kuwa mabaki yake hutolewa na figo. Chupa za mofini ya maji hutofautiana nguvu, kwa hiyo soma idadi ya miligramu kwa kila mililita kila mara, hata kama rangi ya dawa ni ile ya jana.

Kabla ya kila dozi angalia usingizi wake, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima. Usingizi hutangulia na pumzi hufuata, hivyo mgonjwa anayesinzia katikati ya sentensi yake ni onyo tosha hata kama bado anapumua mara 14. Pumzi zikishuka chini ya 10, au mgonjwa asipoamka kwa kuitwa, dawa isitolewe, daktari aitwe, njia ya hewa ifunguliwe na oksijeni iwekwe. Naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, ya mikrogramu 400 inaweza kuchanganywa hadi mililita 10 na kutolewa mililita moja moja mpaka pumzi zirudi, ili maumivu yasimrudie yote kwa ghafla. Mgonjwa aliyeacha kupumua hupewa kwa kasi zaidi. Naloksoni huisha nguvu kabla ya mofini, na aliyeamka vizuri anaweza kuzama tena baada ya saa moja, kwa hiyo asiachwe peke yake.

Kukosa choo kutatokea karibu kwa kila anayetumia mofini, basi bisakodili ianze siku ile ile. Mofini inakaa kwenye kabati lenye kufuli mbili, na wauguzi wawili husaini daftari, pamoja na kiasi kilichobaki kwenye ampuli na kumwagwa.

Dawa za presha na za kupunguza maji

Amlodipini ni rahisi kuisimamia: miligramu 5 au 10 mara moja kwa siku, hudumu mwilini kwa muda mrefu, na nguvu yake haipungui sana mbele ya diklofenaki kama ya dawa nyingine. Huvimbisha vifundo vya miguu. Uvimbe huo hauondoki kwa frusemidi, na mgonjwa asianzishiwe dawa ya kupunguza maji kwa sababu yake kabla ya kuchunguzwa. Nifedipini ya kidonge laini isitobolewe na kuwekwa chini ya ulimi ili “kushusha presha haraka”, kwani presha inayoporomoka huweza kuleta kiharusi.

Atenololi, bisoprololi na kavedilolo, ambazo hupunguza kasi ya moyo, hutanguliwa na kuhesabu mapigo. Yakiwa chini ya 60, au namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, shikilia dozi kwanza na umwarifu daktari, ambaye huenda akaruhusu itolewe. Mwenye pumu asipewe bila daktari kujua. Mwenye kisukari aelezwe kwamba sukari ikishuka moyo hautadunda kwa kasi kama alivyozoea, lakini jasho litatoka. Dawa hizi haziachwi ghafla, na anayesafiri kutoka Liwale kuja Lindi mjini wakati wa mvua abebe za ziada.

Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili huleta kikohozi kikavu, ambacho mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kifua bila mafanikio hadi mtu aikumbuke dawa ya presha. Kuvimba midomo na ulimi ni jambo la dharura, na kunaweza kutokea miezi mingi baada ya kuanza. Huku pwani watu husema ni kamba au ngisi aliyeliwa jana. Isikubaliwe hivyo bila kutazama orodha ya dawa. Mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kwa kuwa kundi hili, pamoja na losatani, hudhuru mtoto tumboni.

Frusemidi ya mshipani inapita polepole. Kikomo ni miligramu 4 kwa dakika, kwa hiyo miligramu 40 huchukua dakika 10, na kuisukuma haraka huweza kudhuru masikio. Itolewe asubuhi, mgonjwa apimwe uzito kila siku kwa mizani ile ile kabla ya chai, na mkojo urekodiwe. Mizani ya asubuhi inaeleza mengi kuliko kubonyeza miguu. Ng'onda na samaki wengine wakavu wenye chumvi huirudisha kazi yote nyuma, na hilo lielezwe kwa anayepika.

Frusemidi hutoa potasiamu. Dalili za kupungua kwake ni misuli kulegea, mikakamao na mapigo yasiyo na mpangilio, na muuguzi wa kituo kisicho na kipimo cha damu cha madini atategemea dalili hizo. Spironolaktoni na enalaprili hufanya kinyume, yaani huzuia potasiamu isitoke. Ndizi na madafu yana potasiamu nyingi. Anayetumia frusemidi peke yake, mwenye figo nzuri, dafu litamfaa. Anayetumia enalaprili na spironolaktoni pamoja, hasa mwenye figo dhaifu, asifanye madafu kuwa maji yake ya kunywa. Ushauri wa “kunywa madafu yanasafisha figo” husikika kila mahali, na kwa mgonjwa huyu unaweza kusimamisha moyo.

Digoksini

Kwa dawa hii ya moyo, nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni finyu mno. Hili si jipya: tabibu Mwingereza William Withering, aliyechapisha uchunguzi wake wa mmea wa digitali, wa jamii inayotoa dawa hii, mwaka 1785, tayari alikuwa ameona kutapika, mapigo kwenda polepole, na wagonjwa kuona vitu kwa rangi ya kijani na njano. Dalili hizo ndizo tunazozitafuta hadi leo. Mzee anayetumia digoksini akikataa chakula na kusema kichefuchefu, fikiria dawa kabla ya kufikiria malaria, ingawa katika mikoa yetu malaria nayo ipimwe.

Sikiliza moyo kwa stetoskopu chini ya titi la kushoto kwa sekunde 60, yaani dakika moja kamili, na usikisie kwa kuzidisha. Chini ya 60 kwa mtu mzima, usitoe, piga simu. Kwa watoto, wakiwemo wenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, kikomo ni cha juu zaidi kulingana na umri na huandikwa na daktari. Kidonge cha kawaida kina miligramu 0.25, sawa na mikrogramu 250, na wazee wengi huhitaji nusu yake. Nukta iliyosogea huzidisha dozi mara kumi, basi isome kwa sauti mbele ya mwenzako. Potasiamu ikiwa chini, digoksini huwa kali zaidi, ndiyo maana anayetumia frusemidi pamoja nayo hufuatiliwa kwa karibu. Kwinini huongeza kiwango chake katika damu, na diklofenaki, kwa kudhoofisha figo, hufanya vivyo hivyo.

Kidonge cha chini ya ulimi

Gliserili trinitrati, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, hutolewa mgonjwa akiwa ameketi, kwa kuwa presha hushuka na anaweza kuanguka. Hurudiwa baada ya dakika 5, hadi vidonge vitatu, lakini maumivu yasipopungua baada ya kile cha kwanza, safari ya hospitali ianze. Kama inadhaniwa ni shambulio la moyo, na hakuna kizuizi, hutafuna aspirini ya miligramu 300. Vidonge hukaa katika chupa yake ya kioo cheusi, mbali na joto, na mfuko wa shati katika jua la Mtwara haufai. Kabla ya kukitoa kwa mwanaume, uliza faraghani kama ametumia dawa za nguvu za kiume. Sildenafili ndani ya saa 24 zilizopita huifanya presha iporomoke. Baba mtu mzima hatajibu mbele ya mke na watoto, kwa hiyo ndugu watolewe nje kwanza.

Mwezi wa Ramadhani na kuruhusiwa kwenda nyumbani

Wagonjwa wengi wa Lindi, Kilwa na Mikindani watafunga wawe wameuliza au hawakuuliza. Ni vema muuguzi aanzishe mazungumzo mwezi wa Shaabani. Kaptoprili ya mara tatu kwa siku haiwezekani kwa anayefunga, na daktari anaweza kuibadilisha kwa ya mara moja. Frusemidi huhamishiwa baada ya futari. Mwenye moyo ulioshindwa hivi karibuni, au anayetegemea dozi kubwa za dawa ya kupunguza maji, aambiwe waziwazi kwamba kufunga kutamdhuru, na kwamba mgonjwa ana ruhusa katika dini yake. Maneno hayo mara nyingi hupokelewa vizuri zaidi yakitoka pia kwa sheikh wake.

Siku ya kuruhusiwa, ndugu aje na dawa zote zilizoko nyumbani, za sasa na za zamani. Si ajabu kukuta amlodipini mbili za viwanda tofauti, moja ya pakiti nyeupe na nyingine ya bluu, zikimezwa kila siku kama dawa mbili. Mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakunywa nini saa ngapi, na muuguzi amsikilize bila kumkatiza. Kwenye kadi ya kliniki, chini ya orodha ya dawa, iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: “Ana ugonjwa wa moyo. Asiuziwe diklofenaki wala ibuprofeni. Akiumwa apewe parasetamoli.” Kisha aelekezwe aitoe kadi hiyo kila anapokwenda duka la dawa muhimu, hata akienda kununua dawa ya mafua tu.